Kumtunza mzee mwenye demensia nyumbani: mwongozo kwa familia za Tanga

Mtaani utasikia "bibi karudi utoto", au "mzee ameshachoka, ndiyo uzee". Kauli zote mbili zinapotosha. Uzee hupunguza kasi tu: jina la mtu huchelewa kuja, miwani huachwa dirishani. Demensia ni ugonjwa. Ubongo unakufa sehemu kwa sehemu, na kinachopotea si kumbukumbu peke yake. Hupotea pia uwezo wa kupanga mambo, kutambua vitu, kuunga maneno na kujizuia. Aliyesahau miwani ilipo ni mzee. Aliyeishika mkononi asijue ni ya nini, huyo apelekwe hospitali.

Wala si mtoto. Mtoto anajifunza kila siku, huyu anapoteza, na heshima ya miaka yake sabini bado anaihisi. Ukimkaripia asubuhi kwa kumwaga chai, saa nne atakuwa ameisahau chai na karipio lenyewe, lakini unyonge utabaki naye hadi adhuhuri, na atakataa kuoga pasipo mtu kujua kwa nini. Hisia hudumu kuliko kumbukumbu. Ndiyo maana karibu kila hatua humu inakutaka ubadilishe nyumba, saa au maneno yako. Yeye hawezi tena kujirekebisha akufuate.

Kwanza hakikisheni ni demensia

Si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, uliwakuta na demensia wazee 6 hivi katika kila 100 waliofika miaka 70. Lakini si kila anayesahau anayo, na baadhi ya sababu zinatibika.

Nunueni daftari la kawaida. Kwa wiki mbili andikeni kila tukio: saa, lililotokea, lililotangulia, lililosaidia. Andikeni pia dawa zote anazomeza, zikiwamo za duka la dawa na za mitishamba. Kisha nendeni naye hospitali ya rufaa ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Mwenye miaka 60 na kuendelea apitie dirisha la wazee. Ombeni apimwe wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Mwenye kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, na upungufu huo huleta usahaulifu. Apimwe masikio na macho pia: asiyesikia hujibu ndivyo sivyo, na mwenye mtoto wa jicho huuona mkanda akasema ni nyoka. Msisahau sonona (huzuni nzito isiyoondoka), hasa kwa aliyefiwa na mwenzake karibuni.

Swali moja lisikose kuulizwa: aliwahi kuanguka miezi hii? Damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu, dalili zikaja wiki kadhaa baada ya kuteleza uani. Mwenye kutumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi. Hiyo huonekana kwenye siti-skani (picha ya ndani ya kichwa) na mara nyingi hutibika kwa upasuaji.

Namna ugonjwa ulivyoanza humsaidia daktari. Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, huingia taratibu, ukianzia na mambo ya jana na juzi. Demensia inayotokana na kiharusi na presha hushuka kama ngazi: leo yuko sawa, baada ya tukio moja ameshuka, anatulia hapo, kisha anashuka tena. Akianza mapema kuona watu au watoto wasiokuwapo, huku akitetemeka au kukakamaa, na siku zake zikipishana sana, semeni hivyo kwa daktari mapema. Aina hiyo (ya Lewy) hudhuriwa vibaya na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Na kama mtu wa miaka 50 na kitu amebadilika tabia kabla ya kusahau, amekuwa mtovu wa aibu au hajali watu, hiyo nayo inaweza kuwa demensia, ya sehemu ya mbele ya ubongo. Wengi wa hao huhukumiwa kwanza kuwa walevi au wahuni.

Akibadilika ghafla, msingoje

Demensia yenyewe kwa kawaida haiji kwa siku moja. Aliyekuwa akiongea vizuri jana, leo amepumbaa, anasinzia, au anapiga kelele na kushika vitu hewani, ana ugonjwa mwingine juu ya ule. Angalieni kwa mpangilio huu: homa, na apimwe malaria, mkojo wenye harufu au unaouma, kukosa choo siku tatu na zaidi, kifua, kukauka maji, dawa mpya, kuanguka, sukari kushuka. Aende hospitali siku hiyohiyo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni kiharusi: tafuteni gari sasa hivi, msimpe kitu kinywani.

Joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, hulaza wazee wengi kwa sababu hawahisi kiu. Usimuulize kama anataka maji. Mpe maji kwa kikombe kidogo cha chai, kama mililita 150, kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni; inafika lita moja na nusu bila mzozo. Mwenye moyo au figo mbovu afuate kiasi alichopewa na daktari, na asizidishiwe madafu: yana potasiamu nyingi.

Maneno

Mjie kwa mbele, ukae usawa wa macho yake, ujitambulishe: "Shikamoo bibi, mie Zuhura, binti wa Mwanaidi." Usimtahini kwa "mie nani?" Mtihani anaoshindwa mbele za watu humvunja, na hata akipatia haukumsaidia. Sema jambo moja, kisha nyamaza na uhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wengi hukosea hapa: hurudia kwa sauti kubwa na kwa maneno mengine, na yule aliyekuwa karibu kuelewa huanza upya.

Akisema "nataka kwenda kwetu" ilhali yuko kwake, usimwambie "si hapa ndipo kwako?" Kwetu ni mahali pa usalama kuliko nyumba yenye namba. Muulize kwao kukoje, nani yuko huko, nazi zimeshaangushwa? Atasimulia, na baada ya dakika kumi unaweza kumpa uji. Akimuulizia marehemu mumewe, usimfishe upya kila siku kwa "alikufa zamani". Sema "umemkumbuka leo, alikuwa anapenda nini?" Hapo hujadanganya wala hujamuumiza.

Aliyekulia Muheza au Lushoto na kuja kujifunza Kiswahili ukubwani anaweza kurudi kwenye Kibondei au Kisambaa, Kiswahili kikampotea. Watoto waliozaliwa mjini hudhani anabwabwaja. Mtafuteni mtu wa rika lake anayeijua lugha, aandike kwenye daftari maneno ishirini: maji, choo, naumwa, baridi, njaa, mama, acha.

Kuoga

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzuka, na mara nyingi chanzo ni woga. Maji yanayomwagwa kichwani kwa mtu asiyeelewa kinachotokea ni shambulio. Pia kuna haya: mama wa heshima anavuliwa nguo na mtu asiyemtambua.

1. Chagua saa anayochangamka. Kwa wengi ni saa nne asubuhi, jua limeshapasha uani. Aogeshwe na mtu wa jinsia yake.
2. Andaa kila kitu kabla ya kumwita: ndoo ya lita 10 ya maji ya vuguvugu (pima kwa kiwiko, si kwa vidole), kopo, sabuni, vitambaa vitatu, taulo, nguo kwa mpangilio wa kuvaa. Ukimwacha kufuata sabuni, ataondoka au ataanguka.
3. Kiti cha plastiki chenye mikono, miguu yake ikiwa juu ya gunia au mpira usioteleza. Sakafu ya saruji yenye sabuni huvunja nyonga.
4. Usiseme "twende ukaoge". Mshike mkono, mwende naye, useme "bibi, nikunawishe miguu".
5. Mfunike kwa khanga kifuani hadi magotini. Maji yapite juu ya khanga, na wewe usafishe chini yake. Sitara isiondoke hata mara moja.
6. Anza na miguu, panda mikono, mgongo, kwapa. Sehemu za siri kwa kitambaa chao peke yake, kutoka mbele kwenda nyuma. Uso na kichwa mwisho, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mpe kitambaa cha tatu ashike na kujisugua. Mkono wenye kazi haupigi.
7. Kausha kwa kugandamiza, si kusugua: chini ya matiti, kwenye kinena, kati ya vidole. Unyevu wa Tanga hauachi mikunjo ikauke yenyewe, na fangasi huanzia hapo.

Akikataa, acha. Rudi baada ya dakika ishirini, ikiwezekana aje mtu mwingine. Sisi wa pwani tumezoea kuoga mara mbili kwa siku na asiyeoga tunamwona mchafu, lakini kwa mgonjwa huyu kuoga mwili mzima mara tatu kwa wiki kunatosha, mradi kila siku apanguswe uso, kwapa na kutawadhwa.

Kula bila kupaliwa

Ubongo ukiendelea kufa, kumeza nako huharibika. Chakula kikiingia njia ya hewa huleta kichomi, na kichomi huua wagonjwa wengi wa demensia.

Akae wima kabisa, asile akiwa ameegemea mto, kidevu kikishuka kidogo. Nusu kijiko cha chai kwa mara moja. Ngoja koo lipande na kushuka ndipo umpe kingine. Baada ya kula aendelee kukaa wima dakika thelathini. Vyakula vyenye maji na vipande pamoja ndivyo vibaya zaidi: mkate uliochovywa nusunusu kwenye chai, supu nyepesi yenye nyama. Maji hutangulia, kipande kinabaki kinatafunwa, vinapishana njia. Ama lowesha mkate hadi uwe uji, ama mpe mkavu kidogo kidogo na chai baadaye. Wali mkavu hutawanyika kinywani. Uchanganye na mchuzi mzito wa nazi uponde kwa mwiko.

Samaki asiondolewe mezani, kwa sababu harufu ya samaki wa kupaka inaweza kumfungua mdomo mtu aliyekataa kila kitu. Ila changu ana miiba mingi, na asiyeweza kuitoa kwa ulimi hapaswi kupewa. Nunua kipande cha nguru: mifupa yake ni michache na mikubwa. Mpike, mchambue kwa vidole vyako, si kwa uma, maana uma hauhisi mwiba. Pweza asipewe kabisa.

Wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani kwa macho ya demensia. Sahani ya buluu au nyekundu, chakula kimoja kwa wakati, na kijiko mkononi. Akishindwa kijiko, mpe cha kushika: kitumbua laini, ndizi mbivu. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa na maji baada ya kumeza, mwambieni daktari kabla kichomi hakijaja.

Choo

Mpeleke kila saa mbili na mara tu baada ya kula, bila kungoja aombe. Kuvutavuta nguo, kusimama na kukaa, kuzunguka ukumbini, ndiyo maombi yenyewe. Choo cha kuchuchumaa kimewashinda wengi wao magoti. Fundi seremala atatengeneza kiti imara chenye tundu, urefu sentimita 45, chenye mikono ya kushikia, kiwekwe juu ya tundu la choo. Nyumba nyingi za Ngamiani zina choo uani, na njia ya usiku ni giza na vizingiti. Kwa usiku kiti hicho kiwe chumbani, ndoo yenye kifuniko chini yake. Pampasi za watu wazima zitumike usiku na safarini. Ukizitegemea mchana, ule uwezo uliobaki unakwisha upesi.

Jioni, na kutoka nje

Kuanzia saa kumi na moja wengi huanza kuhangaika. Vivuli vinarefuka, nyumba inajaa watu na kelele, naye amechoka. Washa taa kabla ya magharibi, zima redio na televisheni mojawapo, funika kioo kama anamwogopa "yule mgeni" ndani yake. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na asubuhi akae barazani kwenye mwanga. Kahawa chungu ya barazani asinyimwe, ila iishie saa tisa alasiri.

Kutangatanga kuna mwelekeo. Aliyefanya kazi bandarini au reli huondoka alfajiri "kuwahi zamu". Mkazi wa zamani wa Ngamiani anaweza kuzihesabu barabara zake za namba bila kukosea, akabisha hodi kwenye nyumba iliyouzwa zamani. Orodhesheni mahali hapo kwenye daftari leo: nyumba alizoishi, kazini, msikiti au kanisa, makaburi ya wazazi, soko.

Komeo la mlango wa mbele liwe juu kabisa au karibu na sakafu, mahali asipotazama, na pazia la rangi ya ukuta lifunike mlango. Ning'inizeni funguo au kengele iliayo mlango ukifunguka. Msimfungie peke yake ndani: moto ukitokea hatoki. Kumfunga kamba au mnyororo ni ukatili, na humzidishia woga na vidonda. Namba ya simu ishonwe ndani ya kofia au kwenye pindo la nguo, na picha yake ya mwezi huu iwe kwenye simu za watu watatu.

Akipotea: dakika kumi na tano za kwanza mtafuteni ndani, uani, chooni na kwa majirani, mkianza na visima na mitaro. Watu wawili waende kwenye orodha, mmoja abaki nyumbani. Baada ya hapo ombeni kipaza sauti cha msikiti, wapeni picha vijana wa kijiwe cha bodaboda, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na polisi (112). Msingoje kesho. Wanaokaa Sahare, Mwambani au Raskazone watangulize mtu ufukweni na kwenye mikoko. Akipatikana asikaripiwe, apewe maji, akaguliwe miguu.

Dawa

Hakuna dawa inayorudisha ubongo uliokufa. Donepezili na za jamii yake huwasaidia baadhi kwa muda, ila hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo moyo upimwe kwanza. Muhimu zaidi ni kuondoa zinazozidisha giza: klorfeniramini ya mafua, prometazini, amitriptilini, diazepamu ya usingizi. Hizi hununuliwa kirahisi, na kwa mzee mwenye demensia kidonge kimoja kinaweza kumvuruga. Diazepamu aliyoitumia kwa muda mrefu isikatwe ghafla. Ipunguzwe na daktari. Dawa za magonjwa ya akili humtuliza mwenye fujo ya hatari, lakini huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wagonjwa hawa. Zitumike kwa kiasi kidogo na muda mfupi, baada ya kutafuta kama ana maumivu, haja ya choo au woga, na kuvikosa. Msiponde kidonge chochote kwenye uji kabla ya kumuuliza mfamasia: vile vinavyotoa dawa polepole vikipondwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Mzee akishikilia kufunga Ramadhani huku ana kisukari, mwombeni sheikh wa mtaa aje amwambie mwenyewe kwamba hana lawama. Neno la sheikh lina uzito ambao la mtoto halina. Akirudia kusali alasiri mara tatu, mwacheni, hakuna aliyedhurika.

Aliyeumia kichwa kwa ajali

Msimchanganye na mwenye demensia: kijana aliyeanguka na bodaboda au baiskeli hafuati njia ya mzee. Ubongo wake haufi zaidi kila siku. Hupona, kwa kasi zaidi miezi sita ya kwanza, na huendelea polepole kwa miaka. Kwake lengo ni kumrudishia kazi, kwa hiyo kumfanyia kila kitu ni kosa. Kazi moja kwa dakika kumi na tano, mapumziko, kisha nyingine. Ratiba ukutani, kengele kwenye simu. Uchovu wake si uvivu. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, hawezi kuanza jambo hata akilitaka, na hasira humtoka kama cheche. Ondokeni chumbani dakika tano badala ya kujibizana. Pombe haimfai, wala asiendeshe hadi daktari aruhusu. Katika saa 48 za kwanza baada ya kugonga kichwa, akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akidegedeka, au maji maangavu yakitoka puani au sikioni, arudi hospitali mara moja.

Majirani na ndugu

Waambieni majirani mapema, kwa jina la ugonjwa. Bibi anayezunguka usiku na kuzungumza peke yake husingiziwa uchawi upesi, na lawama hiyo imeshaua watu katika nchi hii. Kombe au dua haimdhuru. Kufukizwa akiwa na pumu, au kuachishwa dawa za presha, kunamdhuru.

Mambo ya pensheni, hati ya nyumba na namba ya siri ya simu yamalizwe angali anaelewa, mbele ya wakili na ndugu wote. Dole gumba la aliyepotewa na akili kwenye hati limevunja familia nyingi.

Kazi huwa inamwangukia binti mmoja. Asiyeweza kushika zamu achangie fedha, na mtunzaji apate mapumziko ya saa nne, mara mbili kwa wiki, nje ya nyumba. Akianza kumshika mzee kwa nguvu au kumpigia kelele kila siku, zamu imeshamzidi.

Asipoinuka tena kitandani

Mgeuzeni kila saa mbili, kulia, chali, kushoto, mto mwembamba kati ya magoti, visigino vikielea juu ya khanga iliyokunjwa. Shuka lisiwe na mikunjo. Angalieni kila siku mfupa wa makalio, nyonga na visigino: wekundu au weusi usiotoweka ukiubonyeza ndio mwanzo wa kidonda, msiusugue, ondoeni mgandamizo. Akiacha kumeza, msimlazimishe kijiko. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji, kimezungushwa kidoleni, kipitishwe ndani ya mashavu na juu ya ulimi kila baada ya saa mbili mnapomgeuza, kisha mafuta ya nazi kidogo kwenye midomo.